Albert Michelson: afisa wa majini aliyepima mwanga kwa utepe, uma na parafujo

Jina la Albert Michelson likitajwa, wengi hukumbuka jaribio moja tu, lile la 1887 la kutafuta etha, kitu kilichodhaniwa hubeba mwanga, na wengine hudhani alikuwa profesa tangu ujanani. Kumbe kazi iliyomtoa alikuwa ameifanya akiwa bado amevaa sare ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, kwenye ukuta wa bahari wa chuo cha maafisa huko Annapolis, Maryland. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake yenye mafunzo mengi kuliko zote, kwa sababu kila kipande chake unaweza kukishika mkononi na kila kosa lake unaweza kulipigia hesabu.

Alizaliwa 19 Desemba 1852 katika mji wa Strelno, uliokuwa Prussia wakati huo na sasa uko Poland kwa jina la Strzelno. Wazazi wake walihamia Marekani angali mtoto mdogo, baba akawa mwenye duka kwenye kambi za wachimba madini za California na baadaye Nevada. Mwaka 1869 kijana aliikosa nafasi ya Nevada ya kuingia chuo cha wanamaji. Akafunga safari hadi Washington kumwona Rais Ulysses Grant. Rais alikuwa na nafasi 10 za kuteua, na zote zilikuwa zimekwisha. Mwishowe Michelson akaingizwa nje ya zile kumi. Baadaye alipenda kutania kwamba maisha yake ya kazi yalianza kwa kuvunja sheria.

Alihitimu 1873 katika darasa la watu 29. Kwa jumla alishika nafasi ya 9, katika somo la mwanga alikuwa wa kwanza, na katika ubaharia alikuwa wa 25. Akaenda baharini miaka miwili, kisha 1875 akarudishwa Annapolis kufundisha fizikia na kemia chini ya William Sampson, yuleyule aliyekuja kuongoza manowari za Marekani huko Cuba mwaka 1898. Sampson ndiye aliyemshauri awaonyeshe wanafunzi jinsi mwanafizikia Mfaransa Foucault alivyopima kasi ya mwanga. Lilikuwa onyesho la darasani tu, lakini Michelson alipolichungulia kwa makini aliona lina kasoro inayoweza kurekebishwa.

Njia ya Léon Foucault, aliyoitumia Paris mwaka 1862, ni hii. Mwanga unapita kwenye upenyo mwembamba, unapiga kioo kinachozunguka kwa kasi, unaruka hadi kioo cha pili kisichosogea, kisha unarudi. Wakati uko njiani, kile kioo cha kwanza kinakuwa kimeshageuka kidogo, kwa hiyo mwanga hauangukii pale ulipotoka, unaangukia pembeni. Pima umbali wa njia, pima idadi ya mizunguko kwa sekunde, pima taswira imehama kiasi gani, na kasi unayo. Hakuna saa inayohitajika.

Shida ni kwamba njia nzima ya Foucault ilikuwa mita 20 tu, na taswira ilihama milimita 0.7. Alipata kilomita 298,000 kwa sekunde, jambo la kustaajabisha kwa kifaa kile. Lakini fanya hesabu: ukikosea kusoma kwa sehemu moja ya mia ya milimita, jibu linayumba kwa zaidi ya kilomita 4,000 kwa sekunde. Kurefusha njia nako hakukuwa rahisi, kwa sababu kioo chake cha mbali kilikuwa cha mbonyeo, kilichochongwa kulingana na umbali, na mwanga ulizidi kufifia kadiri njia ilivyorefuka.

Michelson alihamisha lenzi. Aliiweka kati ya kioo kinachozunguka na kioo cha mbali, lenzi yenye fokasi (pale inapoikusanya miale) iliyo mbali sana, na kioo kinachozunguka akakisogeza karibu na fokasi hiyo. Kwa mpangilio huo miale inayotoka kwenye lenzi inakwenda karibu sambamba, haitawanyiki, na kioo cha mbali kinaweza kuwa bapa tu. Kioo bapa hakijali kiko mita 100 au mita 600. Ni badiliko la sentensi mbili, na ndilo lililozaa mengine yote.

Mwaka 1878 alijaribu kwa vitu vilivyokuwapo kwenye maabara ya chuo. Kitu pekee kilichonunuliwa ni kioo cha kuzungusha, kilichogharimu dola 10. Jibu lilitoka zaidi kidogo ya kilomita 300,000 kwa sekunde, na lilitosha kuonyesha kwamba njia inafanya kazi. Baba mkwe wake akatoa dola 2,000, na kwa fedha hizo kifaa cha kweli kikajengwa mwaka uliofuata.

Jengo lilikuwa kibanda chembamba cha urefu wa karibu mita 14 kwenye ukuta wa bahari, kimeinuliwa ili mwanga upite juu zaidi ya mita 3 kutoka ardhini. Lenzi ilikuwa na kipenyo cha inchi 8, yaani sentimita 20, na fokasi ya futi 150, karibu mita 46. Kioo cha mbali kilikuwa na kipenyo cha inchi 7. Kile kinachozunguka kilikuwa kisahani kidogo cha zaidi kidogo ya sentimita 3, kimepakwa fedha upande mmoja, na kilisukumwa na gurudumu dogo la upepo lililopulizwa kwa hewa ya pampu.

Kutoka kioo hadi kioo palikuwa na futi 1,986.23, sawa na mita 605.4. Kwenda na kurudi ni karibu mita 1,211, safari ambayo mwanga huimaliza kwa mikrosekunde (milioni ya sekunde) 4 na nukta chache. Kioo kikizunguka mara 257 kwa sekunde, katika muda huo kinageuka nyuzi 0.37. Mwale unaoakisiwa hugeuka mara mbili ya kioo, kwa hiyo ni nyuzi 0.75. Upenyo ulikuwa mita 8.6 hivi kutoka kwenye kioo, na pembe hiyo kwa umbali huo ni sentimita 11. Kutoka milimita 0.7 ya Foucault hadi sentimita 11! Sehemu ileile ya mia ya milimita, ambayo kwa Foucault ilikuwa msiba, hapa ni kilomita 27 tu kwa sekunde.

Kuna mambo mawili ambayo maelezo mafupi huyaruka. La kwanza ni kuelekeza kioo cha mbali. Kikiinama kwa dakika moja tu ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi moja, mwale unaorudi unahama sentimita 35 ukifika kwenye lenzi yenye upana wa sentimita 20. Maana yake haupungui mwangaza. Unakosekana kabisa, na unabaki unatazama giza bila kujua kosa liko upande gani. La pili ni mmweko wa moja kwa moja. Kioo kinapozunguka, kila mzunguko hutupa mwanga wa taa jichoni kwa mtazamaji na kuimeza taswira hafifu iliyosafiri mita 1,211. Michelson aliinamisha mhimili wa kioo kidogo ili mmweko huo upite juu au chini ya jicho. Dawa haikugharimu hata senti, ila lazima uone kwanza kwamba ugonjwa upo.

Sasa makosa yenyewe. Nitayapanga kwa uzito wake, kwa sababu hapa ndipo mtu anapojifunza.

Umbali ulipimwa kwa utepe wa chuma. Chuma hutanuka: kwa mita 605, tofauti ya joto ya nyuzi 10 za Selsiasi ni sentimita 7 hivi. Usiporekebisha, jibu linapinda kwa karibu kilomita 35 kwa sekunde. Linauma, lakini si sana, na tiba yake ni kipimajoto na subira.

Kasi ya kioo ndiyo hatari. Aliipima kwa uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili ambacho mwalimu wa fizikia hukigonga na kukisikilizisha darasa. Uma wake uliendeshwa kwa umeme, ukitetema karibu mara 128 kwa sekunde, na kwenye jino moja palibandikwa kioo kidogo cha chuma. Mwanga uliruka kutoka kioo kinachozunguka hadi kwenye kioo cha uma, kisha jichoni. Kioo kikizunguka mara mbili kamili kwa kila mtetemo, taswira inasimama tuli. Kikizidi au kupungua kidogo, inaanza kutembea. Kazi ya mtazamaji ni kuongeza au kupunguza hewa mpaka isimame, aishikilie hapohapo, na palepale asome parafujo ya kipimio, ile inayoonyesha taswira imehama kiasi gani.

Lakini uma wa umeme haukuaminika wenyewe, kwa kuwa sumaku na nyaya zake huuvuruga mwendo. Kwa hiyo ulilinganishwa na uma huru wa kiwango wa mitetemo 256: unavisikiliza vyote viwili, unahesabu sauti inavyopanda na kushuka kwa dakika nzima, na hesabu hiyo inakupa tofauti. Na uma wa kiwango nao hubadilika kwa joto, karibu sehemu 1 kwa 10,000 kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Nyuzi 10 zisiporekebishwa ni karibu kilomita 300 kwa sekunde, takriban mara tisa ya kosa la utepe. Ndiyo maana katika majedwali yake ya 1879 kila safu ina joto la saa ile. Mtu asiyejua angeweza kudhani ni porojo za hali ya hewa.

Kosa la tatu ni hewa yenyewe. Jua likiwaka, hewa iliyo juu ya ardhi huchemka, na taswira hucheza na kupanuka mpaka huwezi kuamua kitovu chake kiko wapi. Alipima karibu na macheo, na tena saa ya mwisho kabla ya machweo, hewa inapotulia. Mchana kifaa kilikaa bure. Kuna pia kioo kisicholingana uzito pande zote: kwa mizunguko 257 kwa sekunde hutetemesha beringi zake, huzitafuna, na taswira hupoteza ukali. Hapo hakuna hesabu ya kurekebisha, ni kufungua na kusawazisha upya.

Kati ya 5 Juni na 2 Julai 1879 alipata seti 100 za vipimo. Wastani wake hewani ulikuwa kilomita 299,852 kwa sekunde, na chini kabisa na juu kabisa ni 299,620 na 300,070. Hewa huuchelewesha mwanga kwa kilomita zaidi ya 80 kwa sekunde, kwa hiyo alizijumlisha ili apate kasi ya ombwe, yaani mahali pasipo na hewa. Baada ya marekebisho ya baadaye jibu la mwisho likawa 299,910, na ukingo wa kosa wa 50 juu au chini.

Thamani ya kweli ni 299,792.458. Alizidisha kwa karibu 118, zaidi ya mara mbili ya ukingo aliouweka mwenyewe. Seti 100 zilikubaliana vizuri, lakini kukubaliana kwao kulionyesha tu kwamba mkono wake ulikuwa thabiti. Kosa linalojirudia sawasawa kila siku, liwe la uma, la utepe au la kioo, haliondoki hata ukipima mara elfu. Wanaofundisha takwimu hadi leo huzitumia namba hizo 100 za Annapolis, na sababu ni hiyohiyo.

Kwa nini wanamaji walijali? Kwa sababu ya jua. Ukijua kasi ya mwanga, na ukijua nyota zinaonekana kuhama kiasi gani kutokana na mwendo wa dunia, unapata umbali wa dunia hadi jua, na majedwali ya anga ambayo nahodha hutumia kujua alipo hutegemea vipimo vya namna hiyo. Simon Newcomb, mwanahisabati wa jeshi hilohilo aliyesimamia ofisi ya majedwali hayo, alikuwa tayari na mpango wake wa kupima kuvuka mto Potomac. Michelson alihamishiwa kwake vuli ya 1879. Newcomb alipata 299,860. Michelson akarudia huko Cleveland mwaka 1882, akapata 299,853. Yale 118 yalikuwa yamepungua hadi karibu 60.

Mwaka 1880 aliruhusiwa kwenda kusoma Ulaya, na 1881 akaacha jeshi. Huko Ujerumani alibuni kifaa kilichompa umaarufu, intaferomita. Mwanga unapiga kioo kilichopakwa fedha nusu, unagawanyika njia mbili zilizo pembe mraba, kila tawi linaakisiwa na kurudi, na yanapokutana huchora mistari ya mwanga na giza. Njia moja ikirefuka kwa nusu ya wimbi, mistari inahama hatua nzima. Kuna kipande cha pili cha kioo kisicho na fedha ambacho wanaoanza hukisahau: mwale mmoja hupita ndani ya kioo kilichogawanya mara nyingi kuliko mwenzake, na kipande hicho huwekwa kwenye njia ya pili ili unene wa kioo uwe sawa pande zote. Bila hicho, mistari ya mwanga mweupe huipati.

Lengo lilikuwa kuona mwendo wa dunia ndani ya etha, kitu ambacho wanafizikia wa wakati huo waliamini hubeba mwanga. Berlin kulikuwa na mitikisiko mno, akahamia Potsdam, na hata huko mtu akikanyaga ardhi kwa nguvu mita 100 kutoka kwenye kifaa mistari ilipotea. Mikono ya kifaa ilikuwa mita 1.2 tu. Isitoshe, hesabu yake ilisahau jambo moja kuhusu tawi la pembeni, na uhamaji aliotarajia ulikuwa mara mbili ya ule sahihi. Ukweli ni kwamba kifaa kile kisingeweza kuamua chochote.

Cleveland, Julai 1887, akiwa na mkemia Edward Morley, walijenga upya. Jiwe la mchanga la mita 1.5 kwa 1.5, unene mita 0.3, ambalo kwa ujazo wake ni karibu tani moja na nusu. Lilikaa juu ya pete ya mbao iliyoelea kwenye zebaki ndani ya chombo cha chuma. Vioo vinne kila pembe viliurudisha mwanga mara kadhaa mpaka njia ikafika mita 11. Hesabu ya matarajio ni fupi: dunia huenda kilomita 30 kwa sekunde, sehemu 1 kwa 10,000 ya kasi ya mwanga, kipeo chake cha pili ni 1 kwa milioni 100, zidisha kwa mita 22, gawa kwa wimbi moja, unapata uhamaji wa mistari 0.4.

Namna ya kuendesha ni kulizungusha jiwe polepole, mzunguko mmoja kwa dakika sita hivi, bila kulisimamisha, mtazamaji akitembea nalo na kusoma kwenye vituo 16. Ukilisimamisha na kulisukuma tena linajipinda kidogo, na mpindo huo unatosha kuharibu kila kitu. Mistari hutafutwa kwanza kwa mwanga wa sodiamu, ambao husamehe njia zisizolingana. Zikishalingana ndipo unaweka mwanga mweupe, kwa kuwa mstari wake wa katikati hauchanganyiki na mwingine. Vioo vilifunikwa kwa sanduku la mbao kuzuia hewa na joto. Walisoma adhuhuri na jioni, siku chache tu. Mistari 0.4 haikuonekana; kilichoonekana hakikufika hata sehemu ya ishirini ya hiyo. Michelson hakufurahi. Etha hakuiacha kwa moyo mweupe.

Mengine nitayapitia haraka, ingawa kila moja lingempa mtu mwingine jina. Mwaka 1892 na 1893, huko Sèvres, Ufaransa, alipima mita ya kiwango kwa mwanga mwekundu wa kadimiamu: mawimbi 1,553,163.5. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel, Mmarekani wa kwanza kuipata katika sayansi, na sababu iliyotajwa ilikuwa vifaa vyake vya usahihi na vipimo alivyofanya navyo. Etha haikutajwa. Mwaka 1918, akiwa na miaka 65, alirudi kwenye sare katika jeshi la akiba la wanamaji na kushughulikia vifaa vya kupimia umbali wa shabaha. Desemba 1920 intaferomita yake yenye boriti ya futi 20 kwenye darubini ya Mount Wilson, California, ilipima upana wa nyota Betelgeuse.

Kisha akaurudia mwanga. Kuanzia 1924 hadi 1926 aliurusha kutoka Mount Wilson hadi Mount San Antonio, kilomita 35.4, umbali uliopimwa na wapimaji wa serikali. Safari hii aliachana na kupima sentimita 11. Kioo kilikuwa na nyuso nane na kilizunguka karibu mara 528 kwa sekunde. Mwanga ulipokuwa unarudi, uso uliofuata ulikuwa umefika mahali pa ule wa kwanza, na taswira ikabaki karibu palepale. Parafujo ilibakiwa na kazi ndogo ya kusoma mabaki. Uma na umbali ndivyo vilivyobeba uzito wote. Jibu: 299,796, ukingo wa 4. Safari hii ukingo uliigusa thamani ya kweli.

Bado hewa ilimkera, maana kilomita 35 za hewa ya milimani zina joto na unyevu usio sawa. Akajenga bomba la chuma la urefu wa maili moja karibu na Santa Ana, hewa ikafyonzwa mpaka ikabaki kidogo sana, na kioo kikawa na nyuso 32. Alifariki 9 Mei 1931 vipimo vikiendelea. Wenzake Francis Pease na Fred Pearson walimaliza na kuchapisha 1935: 299,774, ukingo wa 11, chini ya thamani ya kweli kwa 18. Bomba lilikuwa limelazwa kwenye udongo wa mafuriko, na majibu yaliyumba kwa namna ambayo ombwe halikuweza kuitibu. Bomba lenyewe lilikuwa fupi mara 22 kuliko njia ya milimani, ingawa vioo viliurudisha mwanga humo mara kadhaa.

Tangu 1983 kasi ya mwanga haipimwi tena. Imewekwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde kamili, na mita ndiyo inayotokana nayo. Ukijenga kifaa cha Annapolis leo, uma na parafujo vitakuambia urefu wa ukuta wa bahari.